Amri Tuliyoiombea Soko la Jumatatu

Jumatatu moja haijanitoka moyoni, mwanangu: ile niliyozuiwa mlangoni pa soko la wanawake kwa amri niliyokwenda kuiomba mwenyewe.

Nakueleza haya kwa sababu juzi, nilipokuwa naleta kahawa sebuleni, niliwasikia wewe na wenzako mkipanga safari ya baladiya, ofisi ya manispaa. Mnataka vibarua wa kigeni wasikodishwe nyumba katika mtaa wetu. Sikuingia kati. Wenye mabinti wana hofu zao, wenye nyumba wana haja zao, na mimi sikukuita hapa nikwambie usiende. Nataka ujue tu yaliyonipata nilipokwenda mimi.

Ilikuwa miaka ya tisini, wewe ungali mgongoni. Marehemu baba yako alizaliwa Bujumbura, lakini babu yake alikuwa Mwarabu wa hapa hapa Sharqiya, na shekhe wa kabila alipomshuhudia akapata uraia wake bila taabu kubwa. Mimi ni binti wa Ujiji. Nilikuja kama mke, nikapewa ikama, ile kadi ya ukaazi, nikaitia katika mkoba nikaisahau. Nilivaa kama wenzangu, nikafunga na wenzangu, nikazaa hapa. Nani angeniita mgeni? Wageni walikuwa watu wengine.

Baba yako alikuwa akiendesha lori la maji. Siku moja akateleza juu ya tangi, akaumia mgongo, na daktari wa Ibra akamwambia alale. Ndipo nikaanza kuuza kanga. Nilizinunua kwa jumla bandarini Matrah, nikaziuza sokoni, na jiko letu likawa linawashwa na kanga hizo.

Soko lenyewe ulipata kuliona kabla halijahamishwa: uwanja wenye ukuta na mlango mmoja, wanaume hawaingii, hata mume anayemleta mkewe humshusha akageuza gari. Mabedui wa upande wa Sinaw walileta samli na barakoa walizozishona wenyewe. Wanawake wa milima ya Dima wa Tayyin walileta asali. Sisi tusemao Kiswahili tulikuwa na pembe yetu karibu na mti wa mkunazi, na wote tuliitwa Wazanzibari, hata mimi niliyeiona Zanzibar kutoka dirisha la ndege tu. Mkubwa wetu alikuwa Bi Thuwaiba, mzaliwa wa Unguja, muuza udi. Rafiki yangu alikuwa Rukia, ambaye aliniita Mmanyema kila alipotaka kunichokoza, na alitaka kila siku.

Basi kila baridi ikiingia walikuja ndugu wa watu kutoka Unguja na Mombasa, kwa viza ya kutembelea. Sanduku moja nguo zao, masanduku mawili kanga. Wakakaa katika pembe yetu ile ile, wakauza kwa bei ambayo sisi tulionunua Matrah hatukuweza kuifikia. Aliyetutesa zaidi ni mmoja aitwaye Mwanakombo, mwanamke mnene, mcheshi, aliyeweza kumsomea mteja jina la kanga kwa sauti tamu mpaka mteja akanunua mbili.

Rukia alimwambia mbele ya watu, "Bibie, wewe umekuja kumsalimia shangazi yako au kumfilisi?"

"Shangazi nimeshamsalimia, shoga," Mwanakombo akajibu huku akikunja doti. "Sasa nawasalimia wateja."

Soko zima lilicheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko hasara.

Tukaanza kutembea. Kila baada ya sala ya alasiri, mimi na Rukia tulikwenda nyumba hii na ile, tukinywa kahawa na kula tende mpaka tumbo likalalamika, tukiwashawishi wanawake waliokuwa na mahali sokoni wakubali tumwombe liwali, mkuu wa wilaya, atoe amri wageni wasiuze. Tulimfikia mpaka mke wa shekhe. Wapo waliotuunga mkono kwa haki kabisa, kwa sababu biashara ilikuwa imewaanguka. Wapo waliokataa. Ummu Nasir, bedui wa samli, alitutazama kupitia barakoa yake akasema kwa Kiarabu chake cha mkato, "Nguo ni ile ile. Mnataka niende kwa liwali nikaombe kuuziwa ghali?" Mwingine akatukumbusha kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Rukia akamjibu kwamba mwenyeji huyu keshapona, sasa anataka kula.

Muda si muda soko likagawika. Wanawake waliokaa jamvi moja miaka nenda miaka rudi walihamisha majamvi. Salamu zikawa fupi. Tulipomwomba Bi Thuwaiba aongozane nasi, alisema goti linamsumbua.

Tukaenda wanne. Rukia alinishinda Kiarabu kwa mbali, lakini wakaniteua mimi niseme, kwa kuwa mimi nilikuwa na mume kitandani na habari yangu ingemlainisha mtu. Naibu wa liwali alitupokea vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mnataka wenye viza ya kutembelea wasiuze?"

Hapo ndipo ningesema ndiyo nikanyamaza. Lakini njiani Rukia alikuwa ameniambia kwamba tukitaja viza, wageni hao watabadilisha aina ya viza. Na mtu akisikilizwa, mwanangu, hulewa. Nikasema, "Tunataka auze mwananchi peke yake. Asiye mwananchi abaki nje."

"Na wote sokoni mmekubaliana?"

"Wote."

Akaandika. Tukarudi tukiwa tumekaa vifua mbele katika gari la mume wa Rukia.

Jumatatu iliyofuata palikuwa na mlinzi mlangoni, binti mmoja aitwaye Shamsa, ndiyo kwanza ameajiriwa, amenyoosha mgongo kama askari wa gwaride. Rukia alionyesha bitaka yake ya uraia, akapita. Mimi nikatoa ikama. Shamsa akaigeuza mbele na nyuma.

"Hii ni ikama, khalti," akasema, akiniita mama mdogo kwa adabu.

"Najua. Mimi ni mke wa mwananchi."

"Basi mwananchi ni mumeo," akasema, "na wanaume hawaruhusiwi kuingia."

Hakuwa anafanya mzaha. Nilimtazama Rukia. Alikuwa ndani tayari, na furushi lake kichwani. "Ngoja hapo hapo," akaniambia, "naenda kuzungumza na wasimamizi." Nikangoja. Nilimwona akitandika jamvi, akapanga kanga zake, mteja wa kwanza akaja, wa pili akaja. Soko siku ile lilijaa. Mpaka adhana ya adhuhuri Rukia hakurudi.

Nilikwenda kukaa ukingoni mwa barabara, nawe mgongoni unalia njaa. Nani niliyemkuta pale? Mwanakombo, ameketi juu ya sanduku lake, ana chupa ya chai.

"Karibu nje," akasema. "Na wewe umetemwa?"

Akanimiminia chai. Sikuweza kuinywa bila kumwambia, basi nikamwambia yote: nyumba tulizopita, naibu wa liwali, na maneno yaliyotoka kinywani mwangu. Nilitarajia matusi. Mwanakombo alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Ama wewe fundi," akasema. "Umejenga nyumba, umetia mlango, umetia na kufuli, kisha umetoka nje kuutazama ulivyopendeza."

Halafu, kwa sauti nyingine, akaniambia kwamba nauli ya ndege aliichangiwa na dada zake watatu, na kila mmoja alikuwa na kanga zake ndani ya masanduku yale. Hilo mimi sikupata kuliuliza. Nilimwona sokoni baridi mbili na sikupata kumuuliza lolote zaidi ya bei.

Jioni ile Bi Thuwaiba alikuja nyumbani, ameletwa na mwanawe. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa, akamjulia hali baba yako. Kisha akaniuliza, "Ulipokwenda kwa liwali, ulimsemea nani?"

"Watu wa soko, Bi Thuwaiba. Tulipita nyumba kwa nyumba."

"Mlipita nyumba mlizojua zitaitikia. Na zilizokataa mliziacha, mkamwambia mkubwa kwamba wote wamekubali."

Nikainama kumsogezea kahawa.

"Sikiliza, binti yangu. Amri si mchuzi, ukizidi chumvi ukaongeza maji. Ukienda kumwomba mkubwa, omba kidogo kuliko unachokitaka. Akikupa kidogo utarudi kuongeza. Akikupa kingi mno, utakirudisha kwa mlango gani?" Akalishika goti lake. "Na mimi goti halikuniuma siku ile. Nilikuwa sitaki kugombana na Rukia. Kwa hivyo usidhani umekosa peke yako."

Tangu hapo nimesikia nasaha nyingi, lakini mzee aliyejitia mwenyewe ndani ya lawama sijamwona mwingine.

Tulirudi kwa naibu wa liwali, safari hii na Bi Thuwaiba, na Ummu Nasir, na Mwanakombo. Akanitazama. "Si wewe uliyesema wote mmekubaliana?"

"Ni mimi. Haikuwa kweli."

Hakunikaripia. Alisema amri ikishatoka hairudi kwa siku moja, kuna watu juu yake, na hao nao wana watu juu yao. Tukangoja. Baridi yote ikaisha, nayo ndiyo msimu wa kanga, kwa kuwa ndiyo miezi ya harusi. Tulikula kwa mkopo wa duka na kwa sahani za majirani. Baba yako hakunilaumu hata mara moja. Ila siku moja, alipokuwa akigeuzwa kitandani, aliniambia, "Mke wangu, wewe ungekuwa wakili, wafungwa wangelia." Nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikalia.

Mwishowe marekebisho yakaja. Mwenye ikama ya familia angeweza kuuza, endapo wenyeji wawili wa soko wangemdhamini. Wenye viza ya kutembelea, hapana. Sikusema serikali imekosea. Kila nchi ina haki ya kujua nani anauza nini ndani yake. Nasema tu kwamba mstari ulichorwa, na mkono wangu ulikuwamo katika kuuchora.

Wa kwanza kunidhamini alikuwa Ummu Nasir. Walipomuuliza kama ananijua, alisema, "Namjua. Ananiuzia ghali, lakini namjua." Rukia alikuwa wa pili. Alikuja macho chini, nami nikamkubali, kwa sababu rafiki anayerudi na aibu ni afadhali kuliko asiyerudi.

Mwanakombo hakuyaona hayo. Viza yake ilikwisha kabla, akaondoka na masanduku yake, yana uzito ule ule aliokuja nao. Nilimsaidia kuyapakia garini. Akaniambia, "Ukiruhusiwa, kakae pahala pangu. Pana kivuli kizuri." Nilikaa pale miaka mingi, na kivuli kilikuwa kizuri kweli. Barua nilimwandikia. Jibu sikulipata.

Sasa wewe unakwenda baladiya. Nenda, mwanangu, kudai si dhambi. Lakini kabla hujatia saini, bisha hodi kwa hao vibarua wenyewe, ujue wako wangapi chumbani na wanalipa nini. Pita kwa yule mjane wa nyumba ya pembeni anayeishi kwa kodi yao. Muulize wakili wa falaji, msimamizi wa mfereji wetu wa maji, nani atakayeshuka kuuzibua hao vibarua wakihamishiwa mbali. Na zile nyumba zitakazokukatalia, kaa humo zaidi kuliko zinazokuitikia. Usimwambie mkubwa kwamba wote wamekubali ikiwa mmoja amekataa. Omba kinachokuuma, usiombe na cha jirani. Na kila mlango unaotaka ufungwe, simama kwanza upande wa pili wake, utazame nani yuko nawe huko.

Mola akupe ulimi unaosikilizwa, na akuepushe na ulevi wake. Akujaalie mashahidi wema pale utakapohitaji kushuhudiwa, na akufanye nawe shahidi mwema wa mtu usiyemjua. Ridhaa yangu iwe nawe huko uendako.