Nusu ya Mgongo wa Mlima

Nilirudi Tanga katikati ya miaka ya hamsini nikiwa na diploma ya upimaji ardhi, na katika mtaa wetu wa Ngamiani hapakuwa na mwingine mwenye karatasi kama ile. Nasema hivyo bila haya. Baba alikufa mimi ni mdogo, hakuniachia shamba wala duka. Nilisoma kwa taa ya chemli, nikafanya kazi ya utarishi, nikashinda mtihani uliowashinda wengi, nikapanda meli. Mtu akiniuliza nani aliyenifikisha pale, nilikuwa nikijipiga kifua.

Ulaya nilijifunza pia jambo ambalo halikuwa kwenye masomo: kupanda milima siku ya mapumziko, kwa raha tu. Niliporudi nikaona aibu kwamba milima ya Usambara tunaitazama kila siku kutoka mjini na hakuna anayeipanda ila mwenye shamba au mwenye shida. Nikapanga mzunguko wa Jumapili moja. Tungeanzia Amani, tuupande mgongo wa mlima msituni, tuufuate juu kwa juu mpaka kilele cha mwisho, kisha tuteremkie upande wa mashamba ya chai na kurudi pale pale tulipoanzia, kabla jua halijazama. Ilikuwa njia ngumu. Kwenye ramani mistari ya mwinuko ilibanana kama nyuzi za mkeka, na juu hapakuwa na maji. Mwenzangu alikuwa karani wa ofisini kwetu, Mbondei mwenye pikipiki na mdomo usiotulia.

Jioni moja, karani akiwa amekuja kwetu, nilitandaza ramani barazani ili mama naye aone kazi ya mwanawe.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

"Hakuna aliyenituma, mama."

"Huko juu kuna nini?"

"Hakuna kitu. Msitu na upepo."

"Na ukimaliza unatokea wapi?"

"Natokea pale pale nilipoanzia."

Mama alimtazama karani. "Na wewe, baba, watu wa kwenu wanajua?"

"Mimi wananijua, mama," alisema karani. "Wamekwisha kata tamaa. Padri tu ndiye atakayeniulizia Jumapili."

Mama hakucheka. Alisema, "Basi Jumapili nitafunga," akaingia ndani.

Dada yangu mkubwa, aliyebaki na mama miaka yote, alinifuata uani nilikokwenda kunawa. Aliniambia jambo ambalo hakuna barua iliyonifikia nalo. Tangu meli yangu ilipong'oa nanga, mama alifunga kila Jumatatu na Alhamisi mpaka siku niliyorudi, akiniombea nifaulu nirudi salama. Katikati ya mfungo huo tumbo likaanza kumchoma. Daktari alisema ni vidonda, na kwamba hata Ramadhani asifunge, akae na kitu tumboni. Mama aliitikia, akaendelea kufunga.

"Kwa nini hamkuniandikia?"

"Alikataza. Alisema utashindwa kusoma."

Niliingia chumbani nikaitazama ile diploma ukutani, ndani ya fremu niliyoinunua kwa mshahara wangu wa kwanza. Nilihisi kama mtu aliyekula sahani ya mwenzake bila kumwuliza kama ameshiba.

Asubuhi nilimwendea jikoni. "Shikamoo mama. Safari nimeivunja."

"Marahaba. Hukuivunja. Mtu mzima havunji safari kwa sababu mama yake amenuna."

"Basi usifunge. Kazini wananituma porini na hufungi."

"Ukitumwa na kazi, waliokutuma watakutafuta. Ukienda kucheza, nani atakutafuta? Huna ila mimi na Mungu wangu."

Nilileta ramani tena, nikakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, tukaanza kupatana kama watu walio mbele ya fungu la samaki.

"Nikikiacha kilele hiki cha mwisho, utakunywa chai?"

"Hicho kidogo. Ongeza."

"Na hiki?"

"Hicho ndicho kirefu? Hapo labda uji."

Mwisho alicheka, akasema, "Sikiliza. Wewe panda nusu, nami nitafunga nusu, kama watoto. Adhuhuri ikiingia, wewe unageuka, mimi nakula."

Kila mtoto wa kwetu ameanza hivyo, kufunga mpaka adhuhuri na kusifiwa nyumba nzima. Mama alijua kama ninavyojua kwamba mtu mzima hana saumu ya namna hiyo. Lakini alinipa mkono, nikaupokea. Karani alipopata habari alisema mzunguko wetu sasa umekuwa kata ya kuchotea maji, mpini bila kichwa: kwenda na kurudi njia ile ile.

Jumapili tulitoka kwa pikipiki baada ya alfajiri. Msitu ulikuwa na baridi, na miguu yangu, nasema kweli, ilikuwa bora kuliko ya karani kwa mbali. Adhuhuri ilitukuta juu ya mwamba ulio wazi. Mgongo wa mlima uliendelea mbele yetu, mwembamba, safi, bila wingu, na ile sehemu niliyoitamani tangu siku ya kwanza ilikuwa ndiyo hiyo.

"Twende," alisema karani. "Mama yako ana darubini?"

Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nilimfikiria akikaribia sinia la wali. Nikageuka.

Tulifika Ngamiani jua bado liko juu ya mapaa. Niliingia kwa mbwembwe, maana nilikuwa nimetimiza ahadi. Mama alikuwa amekaa mkekani, midomo imemkauka, mkono mmoja tumboni. Dada alikuwa nyuma yake amekasirika.

"Hajala," dada alisema. "Tangu daku. Nimempakulia adhuhuri, amekataa."

"Mama, tulipatana. Mimi nimegeuka nusu. Muulize karani."

Mama aliniangalia viatu, kisha uso. "Umegeuka?"

"Nimegeuka."

"Mimi nilisema hutageuka," alisema polepole. "Wewe tangu mdogo kitu hukiachi nusu. Nikaona kama nitakula, huko mbele utakuwa peke yako."

Nilitaka kukasirika, sikuweza. Alikuwa amenijua vizuri, akakosea siku hiyo moja tu. Dada alileta maji, nikampelekea mama kikombe mdomoni, nikamwomba afungue sasa hivi. Aliusogeza mkono wangu.

"Magharibi si mbali. Nikifungua sasa nitakuwa nimekaa na njaa bure."

Nikakaa karibu naye, na kile kikombe mkononi. Kiu ilikuwa imenishika tangu tulipopita Muheza. Sikunywa. Mama alivumilia kutazamwa kidogo, kisha akasema, "Usinikodolee macho kama mgonjwa. Nenda kaoge, unanuka jasho."