Mapanga ya Baba, Usingizi wa Mama

Mama alihama nyumbani kwa sababu ya feni. Hilo la feni ni jina lake yeye. Mimi niliyeusimika pale nyuma ya nyumba yetu, huku juu milimani Same, nilikuwa nauita mtambo wa upepo. Uliwasha taa zetu na kuchaji simu za majirani. Lakini upepo ukipanda kutoka tambarare, mapanga yake matatu yalitetemeka, nguzo ikatetemeka, ukuta ukatetemeka, na vikombe vya mama kabatini vikagongana. Alivumilia, akavumilia, mwisho akafunga kanga zake.

"Mwanangu, ukishalifundisha adabu hilo feni lako utaniita. Mimi niko kwa dada."

Kwa dada yake ni mlima wa pili, ng'ambo ya bonde. Baba akabaki na sufuria ambazo hakuwa amewahi kujuana nazo. Ni mzee wa kanisa, hawezi kusema amemkumbuka mkewe. Alichosema ni kwamba siku hizi uji una madonge. Niliumia. Nilikuwa nimeleta umeme, nimemwondoa mama.

Nafundisha ufundi chuoni, mjini Same, na dawa ya mtetemo niliijua. Unatengeneza shokapu ndogo kama ile ya pikipiki, unaipachika ndani ya panga, na badala ya mafuta ya kawaida unaijaza mafuta yaliyochanganywa na unga laini wa chuma. Pembeni unazungusha koili ya waya. Umeme ukipita, koili inakuwa sumaku, chembe za chuma zinashikana, na mafuta yanakuwa mazito papo hapo, kama uji ulioamua kuwa ugali. Shokapu inaumeza mtetemo. Ukikata umeme, yanarudi kuwa mafuta. Muhimu ni kwamba nati ya shokapu isikazwe sana. Ikibanwa, kilichomo ndani hakichezi, na kisichocheza hakimezi kitu.

Kwetu Upareni kazi inayowashinda wachache huitiwa msaragambo: watu wanatoka kila nyumba, wanafanya pamoja, wanakula pamoja. Kulaza ile nguzo na kuisimamisha kunataka mikono mingi, kwa hiyo baba alitangaza. Wakaja wengi kupita kiasi. Sasa, mtu wa msaragambo ana shida moja, hakubali kurudi kwake bila kugusa kazi. Mimi nimeinama nafunga nyaya, huku nyuma spana inatembea. Huyu alikaza nati kidogo, mwenzake akakaza zaidi asije akaonekana mvivu, na bibi mmoja mwenye mkongojo akashikiliwa kiuno na wakwe zake wawili ili naye akaze. Haba na haba hujaza kibaba. Nilipogeuka, nguzo ilikuwa inasimamishwa kwa vigelegele.

Baba alikuwa amepika makande, na maharage yake yalikuwa bado na msimamo. Watu wakatafuna kwa adabu, wakaaga.

Upepo ulipokuja, mtambo ulitetemeka kuliko zamani. Kikombe kimoja cha mama kilishuka chini na kuvunjika. Nilitaka kulia, na nilitaka pia kumtafuta yule bibi.

"Waite tena walegeze," nikamwambia baba.

"Unamwambiaje mtu aliyekutolea jasho kwamba amekuharibia? Niachie mimi."

Jumapili, watu walipotoka ibadani, akapanda juu ya jiwe. "Ndugu zangu, nati zile mlizikaza vizuri sana upande wa kulia. Mtaalamu anasema bado upande wa kushoto."

Wakaja wote, wakailaza nguzo tena. Walikaza kushoto kwa moyo mmoja, yaani walilegeza bila kujua, na safari hii nilisimama juu ya kila nati mpaka nikasema basi.

Jioni ile upepo ulipanda kwa nguvu zake zote. Nikawasha umeme wa koili. Mapanga yalizunguka, na kabatini hakuna kikombe kilichomgusa mwenzake. Tukapanga kesho yake tubebe mkungu wa ndizi, tukamwombe mama arudi, kwa heshima inayostahili.

Hatukufika huko. Jua halijazama vizuri, mama akatokea mwenyewe kwenye kona ya shamba, anahema, kilemba hana, kiatu kimoja hana. Alimkuta baba kwenye benchi anachambua maharage.

"Kumbe uko hai?"

"Karibu, mama watoto. Kwani nani kasema nimekufa?"

"Feni lenu nalisikia mpaka kule kwa dada! Kila jioni likitetemeka nasema haya, yupo, yuko chini yake anakula uji wake mbaya. Leo limenyamaza ghafla. Nikajua limekuangukia."

Akakaa chini akalia, kwa hasira kabisa. Baba alimwaga maharage yote akienda kumshika mkono. Mimi nilifurahi mpaka nikaona haya kusimama pale.

Alipokwisha kufuta machozi akauliza linanyamazishwa wapi. Nikamwonyesha swichi ya koili. Akaagiza ihamishiwe upande wake wa kitanda, na ikahamishwa kesho yake.

Siku hizi baba akikawia kwenye kikao cha wazee, mama anaizima. Mapanga yanaanza kutetemeka, mlima mzima unasikia, na wazee wenzake wanamwambia, "Mzee, unaitwa." Naye anainuka, hata kama sala ya kufunga bado.