Usitaje Kifua

Tezi dume iliponifunga mkojo, niliwekewa mpira wa kutolea mkojo na mfuko uliofungwa pajani. Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Kongo, Kawangware, na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Kila nikikanyaga, mpira ulivuta huko ndani hadi machozi yakanitoka mbele ya wateja. Nashona suruali za watu huku yangu inanuka mkojo! Nilitaka upasuaji kuliko nilivyotaka kuishi.

Kwenye benchi la kliniki, sisi wazee wa mipira tulikuwa tukifundishana majibu ya kuwapa madaktari. La kuogopa kuliko yote lilikuwa kifua.

"Mzee wangu, usitaje kifua," mwenzangu mmoja aliniambia. "Ukisema tu kinauma, unarushwa kwa laini ya wagonjwa wa moyo. Huko utazeeka mara ya pili."

Changu kilinibana kila nilipopanda kile kilima cha kwenda nyumbani. Lakini kipimo cha moyo, nikiwa nimelala tuli, kilitoka sawa. Daktari wa usingizi, mama mpole, akaniuliza kama kifua huniuma nikitembea. Nikamwambia ni asidi tu, mambo ya maharagwe.

Siku ya upasuaji mama huyo alinidunga sindano ya mgongo. Miguu ikafa ganzi, ila nilikuwa macho. Alinibandika nyaya kifuani, na mashine kando ya kichwa changu ikaanza kulia, mlio mmoja kwa kila pigo la moyo. Niliutegea sikio kama ninavyoisikiliza cherehani. Mwanzoni ulienda vizuri. Daktari wa upasuaji alipoanza kukata, ukaanza kuruka. Ukaenda mbio, ukasita, ukaenda mbio tena. Kifua kikanibana vilevile kama kule kilimani.

"Mzee, kifua kinauma?" mama yule akauliza.

Nikauma meno. Sikumwomba Mungu uzima, nilimwomba wamalize.

"Asidi," nikasema.

Hakuniamini. Alikuwa akiitazama mashine.

"Daktari, wacha hapo," akamwambia mwenzake. "Moyo haupati damu ya kutosha. Funga panapovuja, tutoke."

"Maliza!" nikapiga kelele. "Maliza tu, heri nife bila mpira!"

Nilitaka kuinuka nimshike mkono asiache kukata, lakini kiuno hakikuwa changu. Nikalia kwa sauti, mtu mzima na wajukuu. Wakafunga, wakanitoa.

Wodini mama yule aliniambia tezi imebaki, na mpira utakaa hadi moyo utibiwe. Sasa niko kwenye laini ileile ya moyo niliyoikimbia.

Juzi, kwenye benchi lile la kliniki, mzee mmoja wa mtaa wa Lindi aliketi kando yangu, mfuko wake ameufunika kwa kofia. Anangoja upasuaji.

"Wewe uliwaambia nini ukaingia?" akaninong'oneza.

Nikamweleza yote: ile asidi, mashine ilivyolia, na mpira ambao bado ninao. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Lakini uliingia," akasema.