Kaseti ya Zuhura

Usiku ule nililala nimempa mume wangu mgongo kwa sababu ya wimbo. Tulikuwa tumetoka harusini kwa binti wa wifi yangu. Mpiga muziki alipoweka wimbo mmoja wa zamani, Sefu akainuka na kuwaambia watu wa meza yetu, "Huu ndio ulionipatia mke! Kaseti ilikwama, tepu ikamwagika nje, tukaizungusha pamoja kwa kalamu ya biki." Akanishika bega. Watu wakashangilia, ila wifi akainamia sahani yake.

Mimi sijawahi kuzungusha kaseti na Sefu. Nilipomjua, kaseti zilikuwa zimeshatupwa. Alikuwa akivaa jinzi za kubana na kunipigia nyimbo kwenye simu ya kukunja. Kaseti na suruali pana za bwanga zilikuwa za mwanzo wa miaka ya elfu mbili, na mwanzo huo ulikuwa wa Zuhura, mke wake wa kwanza, aliyefariki kabla sijafahamiana na Sefu. Yeye miaka kumi ile yote ameikoroga katika chungu kimoja, anaiita "enzi zetu". Mimi siwezi kuichanganya, wivu hauniruhusu.

Nikaota niko ukumbini tena, viti vimeondolewa, jua la alasiri linaingia. Mara si ukumbi, ni sebule yangu, lakini mapazia si yangu. Mwanamke ameketi mkekani. Ninamjua kwa picha iliyo ukutani kwa mama mkwe: ni Zuhura. Tepu imemjaa mapajani, naye anaizungusha kwa kalamu, taratibu.

Moyo unanichoma. Miaka yote hii namwonea wivu marehemu, na naona haya hata kumwambia mtu.

"Umefuata nini tena?" namuuliza. "Wimbo unao. Ujana wake unao."

Anageuka. Macho yale nayajua, ni yangu nikijitazama kwenye kioo. Kumbe naye ananionea wivu.

"Ninao wapi, mwenzangu? Kila akisimulia, ananivua mimi anakuvisha wewe. Kweli, asiyekuwepo na lake halipo."

Naketi. Ananipa tepu niishike isijikunje, nami naishika, nyepesi kama unywele. Tunazungusha. Sasa tuko jikoni kwa mama mkwe, sasa tuko barabarani, na tepu haiishi.

"Mwambie alikuwa Zuhura," anasema. "Nawe dai chako."

Kalamu ikamponyoka, nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Sefu alikuwa mbele ya kioo ananyoa ndevu, akiimba wimbo uleule.

"Baba Salma," nikamwita, "yule wa kaseti alikuwa marehemu Zuhura. Mimi ulinikuta baadaye."

Wembe ukasimama shavuni. Alifungua mdomo kubisha, kisha nikaona kumbukumbu inamjia. Akaja kuketi ukingoni mwa kitanda, povu bado kidevuni.

"Zuhura," akasema. Tangu anioe sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. Liliniuma, nikaliacha liniume.

Akafuta povu kwa kiganja, akaniuliza, "Sasa wimbo wetu mimi na wewe ulikuwa upi?"

Ninaujua. Najua mpaka ulivyokuwa ukikwaruza kwenye ile simu ya kukunja. Lakini nikavuta kanga yangu, nikainuka kwenda kubandika chai.

"Wa mwenzangu nimekukumbusha," nikamwambia. "Wangu ukumbuke mwenyewe."