Bastola Niliyokataa Kumuuzia Mkwe Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2017, Mkuu wa Kaunta alinivusha upande wa pili wa kioo, akanipa kitambaa laini, akaniambia nisimpe mteja kitu chochote kabla sijakifungua nikaona kwa macho yangu kwamba ni kitupu. Duka lilikuwa la bunduki, mjini Fort Worth, Teksasi, kwenye barabara pana yenye maghala pande zote mbili, nalo lilinukia mafuta ya bunduki na kahawa iliyochacha. Nilikuwa mama mtu mzima, nimetoka Bungoma kumfuata binti yangu Nekesa, ambaye ni nesi. Nyumbani nilikuwa nimemaliza utumishi wangu katika ghala la silaha la idara ya wanyamapori, nikisafisha na kurekebisha bunduki za askari wa mbuga. Kukaa bure kwenye fleti ya Nekesa mjini Irving nikihesabiwa miongoni mwa fanicha kulinishinda. Nikaomba kazi, nikapata.

Bunduki nilizijua. Bastola za Teksasi sikuzijua. Zilikuwa zimelazwa chini ya kioo, kubwa, nzito, mitutu mirefu, mipini imepinda kama ya plau. Hizi ni bastola za silinda, yaani risasi hukaa ndani ya kigogo cha chuma kinachozunguka, kila moja chumbani mwake. Wenyeji huziita singo-aksheni, mimi nilizoea kuziita bastola za kukoki. Kifyatuo, kile kinachovutwa kwa kidole cha shahada, kina kazi moja tu: kuangusha nyundo. Kuipandisha nyundo ni juu yako, kwa kidole gumba, kila risasi. Usipokoki, vuta mpaka kesho, haitalia.

Nilicheka mbele ya bosi bila haya.

"Nani anunue silaha ya kuhangaika nayo hivi?" nilimwuliza. "Askari wetu wangenirudishia siku hiyo hiyo."

Mkuu wa Kaunta alikuwa mzee mrefu aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe, kofia pana haimtoki kichwani hata ndani ya nyumba. Alinitazama bila kukasirika. "Miss Rose," alisema, "hii inamlazimisha mtu afikiri kabla ya kila risasi. Ziko silaha ngapi zenye adabu hiyo?"

Nilimpenda tangu siku hiyo, ingawa kahawa yake sikuipenda kamwe.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuchagua. Ninyi vijana mkiingia dukani leo mnaanza na risasi, na wateja wetu walikuwa hivyo hivyo: kila mtu anataka kubwa. Bosi alikuwa akiniambia, "Mkono kwanza, kazi baadaye, risasi mwisho." Kipenyo ni upana wa tundu la mtutu, hupimwa kwa sehemu za mia za inchi, na kwetu kikubwa kilianzia arobaini na nne. Arobaini na tano ya kale husukuma kama mtu anayetaka kupita mlangoni. Arobaini na nne ya magnamu, yaani yenye baruti ya kuzidi, hupiga teke. Juu ya hizo kulikuwa na moja kubwa kupita zote, ambayo mimi niliipa jina la Punda, kwa sababu shukrani ya punda ni mateke. Bosi alilipenda jina hilo, akawa analitamka kwa Kiswahili mbele ya wateja kana kwamba ni jina la kiwandani.

Siri ya bastola hizi iko kwenye mpini. Ukifyatua, haurudi moja kwa moja kiganjani. Unajiviringisha, mtutu unaelekea juu, na nyundo inakuja kukutana na gumba lako tayari kukokiwa tena. Mpini ukiwa mdogo kwa mkono wako, chuma cha nyuma ya kifyatuo kitakugonga vifundo vya vidole mpaka uichukie. Ukiwa mkubwa, gumba halitaifikia nyundo bila kubadilisha mshiko, na anayebadilisha mshiko kila risasi atakuja kuiangusha. Kwa hiyo mteja alikuwa ananyoosha mkono, nami namwekea mpini kiganjani, namfunga vidole kimoja kimoja, kisha namwomba akoki na kushusha nyundo taratibu. Nilishika mikono ya wafuga ng'ombe, ya mhasibu wa Carrollton aliyelowa jasho, ya bibi kizee aliyekuwa na nguvu kuliko wajukuu zake. Mkono ukiushika, mtu hana la kukuficha.

Mwaka uliofuata kampuni ilifungua tawi Houston. Bosi alipelekwa kulisimamia, akaomba niende naye. Nilifurahi, maana Nekesa alikuwa ameshahamia huko kwa kazi ya hospitali, yeye na mumewe Wafula, aliyekuwa akipakua mizigo kwenye ghala, na walikuwa wamejaliwa binti. Lakini kwao sikukaa. Nilipanga chumba changu. Kwetu mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa umbali: hawapeani mikono, hawaketi meza moja, na jambo lenye uzito hupitishwa kwa mtu wa tatu. Watu walicheka, wakasema huku ni Amerika. Niliwajibu kwamba heshima haihitaji viza.

Nekesa alikuwa akinipigia simu akitoka zamu, na wimbo wake ulikuwa mmoja.

"Mum, Wafula hashiki mtoto," alisema. "Nikimpa, ananirudishia. Ati amechoka. Na mimi niliyetoka shift je? Hata kumwogesha ame-refuse. Mimi naona hampendi, period."

"Mpe muda."

"Nimempa. Mum, nikiendelea hivi nitarudi Irving na mtoto wangu."

Haikuwa mzaha. Namjua binti yangu, akisema jambo kwa sauti ya chini ameshaanza kufunga mizigo. Na mimi, kwa desturi zetu, sikuwa na njia ya kumwuliza Wafula kwa nini hambebi mwanawe.

Jumamosi moja mlango wa duka ulifunguliwa, akaingia Wafula. Hakujua kwamba ni zamu yangu. Aliponiona alisimama mbali, akainamisha kichwa, nami nikainamisha changu. Kisha alimwendea bosi, akaelekeza kidole kwenye kioo. Alikuwa anaitaka Punda.

Nilisogea, macho yangu kwenye kioo. Nilitumia Kiingereza, kwa ajili ya bosi. "Bosi, mwulize huyu bwana anaitakia nini."

Bosi aliniangalia, akamwangalia Wafula aliyekuwa hatua chache tu kutoka kwangu. "Amekusikia, Miss Rose."

"Mwulize tu."

"Kijana, unaitakia nini?"

"Mwambie mama kwamba supavaiza wangu amenialika shambani kwake kuwinda nguruwe pori."

"Nyinyi wawili mmegombana?" bosi aliuliza.

"Ni mkwe wangu," nilisema. "Amemwoa binti yangu. Hatukugombana, hii ndiyo heshima yetu."

Bosi alivua kofia, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Mimi na mama mkwe wangu tungeijua heshima hii mapema," alisema, "tungeishi raha mustarehe."

Hata Wafula alitabasamu.

"Mwulize kwa nini bastola ya kukoki," niliendelea, "wakati kuna zile za kuvuta tu."

"Mwambie mama kwamba kifyatuo chake ni chepesi. Zile nyingine ni ngumu kuvuta."

Jibu hilo lilinisumbua. Ni kweli kifyatuo cha bastola ya kukoki ni chepesi, nyundo ikiwa tayari juu. Lakini mwanamume anayebeba maboksi kutwa nzima, kifyatuo kigumu kinamshinda vipi? Bosi aliifungua Punda, akazungusha silinda kuonyesha kwamba ni tupu, akampa, akamwomba akoki. Wafula aliipokea kwa mkono wa kulia. Gumba lilipanda juu ya nyundo, likateleza. Alijaribu tena. Nyundo ilifika katikati, ikarudi. Akacheka kidogo, akaleta mkono wa kushoto kusaidia.

"Mkono mmoja," bosi alimwambia kwa upole. "Ana woga tu, Miss Rose. Tumpe arobaini na nne."

Alimpa arobaini na nne. Akampa arobaini na tano ya kale, yenye nyundo laini kuliko zote pale dukani, ambayo yule bibi kizee aliikoki huku anapiga soga. Gumba la Wafula liliteleza vile vile. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso. Ndipo nilipoacha kutazama kioo nikautazama mkono wenyewe. Chini ya gumba kila mtu ana kilima cha nyama. Cha Wafula kilikuwa kimebonyea, ngozi imelala juu ya mfupa.

Nilizunguka kaunta. Nawaambia ukweli, hatua zile kwetu mama mkwe hazichukui. Wafula aliiweka bastola juu ya kioo, akarudi nyuma.

"Mama, hapana," alisema kwa Kiswahili. "Si vizuri."

Niliushika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili.

"Sukuma gumba," nilimwambia.

"Ninasukuma, mama."

Sikuhisi msukumo wowote.

"Tangu lini?"

Bosi alichukua ile bastola taratibu, akaenda kusimama mwisho wa kaunta na kufuta kioo kilichokuwa safi.

"Vidole vilianza kufa ganzi kabla mtoto hajazaliwa," Wafula alisema. "Halafu siku moja nikimwogesha, mkono uliachia. Alianza kuniteleza, nikamdaka kwa ule mwingine. Mama, ilibaki kidogo tu kichwa chake kigonge beseni. Tangu siku hiyo naogopa kumshika."

"Na Nekesa? Umemwoa nesi, ukamficha mkono!"

"Angenipeleka hospitali. Hospitali wangeniandikia nisibebe mizigo. Kazini wangeniambia niende nyumbani. Nitakuwa baba wa aina gani?"

"Na hii?" Nilionyesha kwa kidevu bastola zilizokuwa chini ya kioo.

"Nilitaka supavaiza aone niko sawa."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu ndoa yake ilikuwa karibu kufa kabla yake. Nilimhurumia, na nilikasirika, vyote kwa pamoja, na machozi yalinitoka mbele ya wateja. Nilimwambia, "Sikuuzii bastola. Hata ya maji sikuuzii. Na Nekesa mimi simwambii. Utamwambia wewe, leo, kabla hujavua viatu. Anafikiri humpendi mtoto."

Uso wake ulibadilika. "Anafikiri hivyo?"

"Ulitaka afikiri nini?"

Aliondoka bila kuaga, nusu anakimbia.

Bosi alirudi. "Kwa hiyo hatujauza."

"Hatujauza."

"Miss Rose, nilikuambia uangalie mkono," alisema, akarudisha kofia kichwani. "Sikujua kwamba utanisikiliza kiasi hicho."

Daktari alisema mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa kwenye kifundo cha mkono, maradhi ya watu wa kazi za kurudiarudia. Wafula alipasuliwa. Kazini hawakumfukuza, walimhamishia kwenye kupanga safari za malori. Gumba lilirudi polepole, kwa mazoezi ambayo Nekesa alimsimamia kama sajenti, ingawa ile nyama haikurudi yote. Mimi niliwaachia wenyewe hesabu zao za ndani. Ninachojua ni kwamba zile simu za kulalamika zilikwisha, na ya Irving haikutajwa tena.

Mwaka 2019 nilirudishwa kaskazini, tawi la Carrollton, kufundisha wauzaji wapya. Walikuwa wazuri kwa mdomo, wavivu kwa macho. Nami nilistaafu 2020, mwaka wa korona, na sikusukumwa na mtu. Watu walipanga foleni hadi nje, kila mmoja anataka chochote chenye risasi. Hakuna aliyenyoosha mkono nimpime, na kwa maradhi yale hata kumshika nisingeweza. Niliona kwamba kazi niliyofundishwa na bosi ilikuwa imefungwa kabla ya duka. Nilimkabidhi meneja funguo, nikaenda Houston kusaidia kulea.

Vijana huniuliza bastola gani ni bora. Nawajibu kwamba sijui, mpaka nione mkono wa anayeuliza. Hudhani nawakwepa. Silaha kubwa haimpi mtu nguvu asiyokuwa nayo, humtangazia tu udhaifu wake kwa kelele, na ni afadhali utangaziwe na mtu anayekupenda.

Nilipofika Houston mwaka ule wa korona, Nekesa alikuwa kwenye wodi ya wagonjwa wa korona. Akitoka kazini alikuwa akiingia chumba cha nyuma kwa mlango wa uani, asimwambukize mtoto. Kila asubuhi Wafula alitoka nje na binti yao hadi kwenye dirisha la chumba hicho. Lilikuwa juu, kwa hiyo ilimbidi amwinue mtoto mpaka usawa wa kioo, na amshikilie hapo Nekesa anapomsemesha, anapomwimbia, anapolia kidogo na kujifuta. Mtoto alikuwa ameshakuwa mzito, anarusha miguu. Asubuhi za kwanza nilisimama kando ya Wafula, mikono yangu imefunguka chini ya mtoto. Baadaye niliiteremsha, nikaenda kuchemsha chai.