Mkeka wa Makaka

Mtaa mzima wa Tansen, mji wetu wa milimani, ulimwita yule mgeni Matej kaka. Muuza chai alimwita kaka, wauza mboga walimwita kaka, hata yule fundi viatu mkorofi asiyemsalimu mtu alimwita kaka. Junu peke yake, binti wa nyumba alikopanga, ndiye hakumwita chochote. Akitaka kumwambia chakula tayari, aligonga ngazi kwa mpini wa ufagio mpaka Matej akateremka. Wakikutana bombani, alikohoa. Kwetu huwezi kumwita mwanamume jina tupu kama unamwita mbuzi, lazima utangulize kaka, na neno hilo likimfika Junu kooni lilikwama hapohapo, halipandi wala halishuki.

Junu alikuwa mfumaji. Baba yake alipofariki, mdogo wake Bikal alikuwa bado anabebwa mgongoni, basi Junu akaacha shule akakaa kwenye kitanda cha kufumia, na hajainuka tangu hapo. Kofia nyingi unazoziona vichwani mwa wanaume wa hapa zimetoka kwenye vidole vyake. Wachumba walikuja. Kila mmoja aliambiwa, "Bikal amalize kwanza shule." Bikal akamaliza, akapata kazi kule bondeni, Butwal, na wale wachumba wakawa wameshaoa na kuzaa. Mashangazi wa mtaani, hao wasio na kazi ila kuota jua na kusema watu, walikuwa wakicheka, "Aah, Junu? Huyo keshaolewa na kitanda chake."

Matej alikuja kutoka Slovenia, nchi ya milima kama yetu, ila yao, alisema, haina watu wengi hivi. Alikuwa seremala, kaletwa kukarabati madirisha ya kuchonga ya jumba la zamani, akapanga chumba cha juu kwa mama yake Junu. Mwanamume mzima, ndevu tele, lakini kwenye sikukuu alikuwa na uroho wa mtoto mdogo, haimpiti hata moja. Sikukuu ya rangi alitoka na koti lake jeupe, akarudi hajulikani ni mtu au kasuku. Siku ya mbwa aliwavika mashada mbwa wote wa mtaa, pamoja na lile jibwa la muuza chai linalong'ata, na tangu siku ile jibwa likawa linalala mlangoni kwake. Mara moja alichota mchuzi kwa mwiko, akaonja, akaurudisha mwiko chunguni. Mama mwenye nyumba alipiga yowe.

"Mwanangu! Chungu kizima umekitia mate! Sasa hicho ni chako, kula peke yako!"

Na kweli alikula peke yake, siku mbili, huku pilipili ikimtoa machozi, maana aliona haya kukimwaga. Junu alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa anakifuma.

Lakini hakumpendea vichekesho. Siku moja kanyagio la kitanda cha kufumia lilivunjika, Junu akalifunga kwa kamba akaendelea, kama alivyozoea kuendelea. Asubuhi yake alikuta kanyagio jipya, limelainishwa vizuri, na limechongwa shimo dogo la kisigino. Matej hakuwa ameuliza wala kupima. Aliutazama tu mguu wake siku zote hizo, na kanyagio likamkaa sawasawa. Junu aliweka mguu pale, akalia kidogo, akaanza kazi.

Sasa madirisha yalikuwa yamekwisha. Sikukuu ya taa ikipita, Matej anarudi kwao. Alishamuaga hata muuza chai. Junu alilijua hilo, akaendelea kufuma.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya sikukuu, ile dada wanapowapaka kaka zao tika, alama ya rangi kwenye paji la uso, Bikal alikuwa amekuja kutoka Butwal na zawadi ya dada yake chini ya kwapa. Mama alikuwa mbele ya karai, anakaanga mikate ya mchele ya mviringo. Junu alikuwa ametandika mkeka, amepanga rangi saba kwenye sahani, na mashada ya yale maua ya zambarau yasiyonyauka. Ndipo ngazi zikalia. Matej akateremka, kanyoa, kavaa kofia ya hapa kaikalisha upande, na mkononi kashika kifurushi.

"Mama," alisema, kwa lugha yetu anayoiongea kama mtu anayebeba mayai, "mimi pia nataka tika. Kwetu sina dada. Nataka niondoke nikiwa mtu wa nyumba hii."

Kifurushi kilikuwa shali. Alikuwa amesikia kwamba kaka huleta zawadi, akaleta. Hakuna aliyemwambia yaliyobaki.

Mama alimtazama Junu, akamtazama muda mrefu, mpaka mkate ukaanza kuungua.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Mkeka ni mpana."

Jamani, moyo wa Junu! Lakini mikono ilishazoea kutii. Akachukua mafuta ya haradali, akawazunguka wote wawili akiyadondosha sakafuni, duara ambalo kifo hakithubutu kulivuka. Akavunja kokwa ya jozi kizingitini kwa jiwe, ili kila baya linalowanyemelea livunjike nayo. Akaketi mbele ya Bikal, akamchorea rangi saba kwenye paji la uso, akamvika shada, akamwombea umri mrefu. Kisha akasogea mbele ya Matej, akainua mkono wenye rangi, akaushusha tena.

"Mama," alisema bila kugeuka, "mpake wewe."

Bikal akaangua kicheko. "Mama akimpaka anakuwa kaka yake Mama! Basi tutamwita mjomba! Mjomba Matej, umetuletea nini?"

"Mjomba gani huyo anayelizwa na pilipili," alisema mama. "Wee Junu, acha kumchosha mtu. Paka."

"Siwezi."

"Huwezi nini? Siku ya leo unamnyima mtu kinga? Ana safari mbele yake huyu."

"Siwezi, Mama." Sauti ilimtoka ndogo, halafu ikapanda yenyewe. "Simtaki awe kaka yangu!"

Bikal alibaki na shada shingoni, kinywa wazi.

Matej alikuwa ameelewa maneno lakini hakuelewa maana, na uso ulimshuka mpaka ukatia huruma. "Nimekosa nini?" aliuliza taratibu. "Nimegusa tena chungu?"

"Hapana, kaka, si chungu," alisema Bikal, akimwangalia dada yake kama ndiyo kwanza anamwona. "Sikiliza. Akikupaka hii, wewe ni kaka yake mpaka kufa. Kabisa, kama mimi. Huwezi tena kuwa... kuwa kitu kingine kwake. Umeelewa?"

Matej alielewa. Aliruka kutoka kwenye ule mkeka kama aliyekalia makaa, akapiga teke kibakuli cha mafuta, akatua nje ya duara, kofia ikamfunika macho.

"Loo!" alisema mama. "Kifo chenyewe hakivuki mafuta haya, wewe umeyavuka kwa ruka moja!"

Akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu, halafu machozi yakamchuruzika na hayakuwa ya kicheko tena. Aliepua karai, akaja akachuchumaa karibu na binti yake.

"Unanidhani kiziwi? Nasikia ngazi yangu ikigongwa kwa ufagio tangu alipohamia. Nilijua, Junu. Ambacho sikukijua ni kama utasema, au utakaa kimya umwache aende, kama ulivyowaacha wale wengine kwa ajili yetu. Ndiyo maana nikamwambia akae."

"Na kama ningempaka, Mama?"

"Ningekupiga mkono kwa huu mwiko, rangi zote zikamwagika." Alijifuta kwa ncha ya sari. "Watu watasema, na waseme. Bikal, acha kushangaa, mpe mgeni mkate. Tika atapakwa na dada wa jirani, mtaa umejaa dada."

Mkate haukupokelewa. Matej alikuwa amesimama palepale, shali kaikumbatia, anamtazama Junu, hathubutu hata kusogea, asije akaharibu. Mafuta yalikuwa yanatambaa chini ya soksi zake na hana habari.

Junu aliokota kitambaa, akapiga magoti mbele yake. Ufagio ulikuwa pale pembeni, hakuushika. Hakukohoa.

"Matej," alisema. "Inua mguu."

Akainua, na akausahau huko juu.