Mzee Sare Akubali Kufungwa

Mtaani walimwita Mzee Sare. Wageni walidhani ni kwa sababu mkewe alishona sare za shule pale sebuleni. Wapi. Jina lilitoka mdomoni mwake mwenyewe. Ujanani alikuwa golikipa, na hata alipogeuka fundi rangi, kila ugomvi aliumaliza kwa neno moja: "Tuseme sare." Awe amekosa yeye, awe amekosa mwenzake, sare.

Mkewe alilivumilia neno hilo kama kokoto kiatuni, mpaka siku aliporudi na vitambaa akakuta pengo chini ya dirisha. Cherehani yake ya kwanza, ile ya mkono, haipo.

"Nimempa mpwa wangu," alisema mzee. "Ana mtoto mchanga, hana kazi. Wewe si unayo ya umeme?"

"Ungeniuliza."

"Kweli, sikukuuliza. Na wewe ulikuwa huitumii. Basi mama, tuseme sare."

Mkewe akaweka vitambaa chini taratibu. "Sare ni ya waliocheza wawili, mzee wangu. Mimi uwanjani sikuwepo."

Chai aliendelea kumwekea, shati alimpigia pasi. Lakini maneno yalikauka, na nyumba ikawa kubwa kuliko watu wake. Siku moja kazini mzee akajikuta amepaka rangi kioo cha dirisha. Akashuka ngazi, akaenda kwa mpwa wake kuidai cherehani. Akamkuta mtoto kalala mapajani, mama mtu anazungusha mkono wa cherehani polepole asije akamwamsha. Akaondoka mikono mitupu.

Nyumbani alisimama mlangoni na madoa yake ya rangi.

"Nimefungwa," akasema. "Haikuwa yangu kuitoa. Na kuirudisha nimeshindwa."

Miaka yote mkewe aliyangoja maneno hayo, akidhani siku hiyo atapiga vigelegele. Sasa alimtazama tu, golikipa mzima, mikono inaning'inia, moyo ukamlegea.

"Kaa unywe maji," alisema. "Anashona nini huyo?"

"Nguo za mtoto. Mshono unakwenda kama konokono aliyelewa."

Mkewe akacheka, akachukua mkasi na tepu yake. Wakaenda wote wawili. Mzee akampokea mtoto, akamlaza begani. Mkewe akavuta kigoda karibu na mpwa wao, akaanza kumwonyesha namna ya kulegeza uzi.